Miraa Niliyompelekea Mzee wa Kianjai

Wasomaji, kama niko hai na nimeshiba, shukrani ziende kwa familia moja ya Kianjai ambayo nusura niioe.

Nilikuwa natoka kwetu Karurumo, peke yangu, kwenda kwa shangazi yangu mjini Maua. Kufika Kianjai, waandamanaji walikuwa wamefunga barabara kwa magurudumu yanayowaka. Polisi waliporusha vitoa machozi, shujaa wenu alitimua mbio hadi akawapita kuku.

Muuza miraa mmoja akanionyesha boma la mzee mmoja nikajifiche. Mama alinifunza nisiingie kwa watu mikono mitupu, kwa hivyo nikanunua kifurushi chake kizuri zaidi, kile kilichofungwa vizuri kwa majani ya ndizi.

"Ni chako, mzee," nikasema nikiinama.

Alikitazama, akanitazama, akaita mkewe na ndugu zake. Nikaletewa mukimo, uji, na kiti chenye kitambaa. Nikajiambia, hawa Wameru ni malaika!

"Wazazi wako watakuja lini?" akauliza mzee.

"Barabara ikifunguliwa tu, mzee," nikajibu, nikidhani anauliza watakuja kunichukua lini.

Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Ndipo binti yake akaingia kutoka shule anakofundisha. Akaona kifurushi, akaniona.

"Baba! Huyu aliyeniletea miraa ya posa amevaa sweta ya shule!"

Kumbe kwao, miraa iliyofungwa hivyo kwa majani ya ndizi ndiyo hupelekwa kuposa binti!

"Kijana, uko kidato cha ngapi?"

"Cha tatu, mzee."

Boma zima likaangua kicheko.

"Posa tumeikataa," mzee akasema akijifuta machozi. "Lakini mwongezeeni mukimo. Barabara bado inawaka."