Susu Aliyesemwa Anakula Miaka ya Wanawe

Nilipokuwa na miaka tisa niliacha kula chakula cha Susu, nyanya yangu mzaa baba, kwa sababu niliambiwa anakula miaka ya watu.

Huko kwetu Kilungu hata waliokaa viti vya mbele kanisani waliijua imani hiyo. Mzee akiwapita wenzake kwa umri huku wanawe wanakufa, ilisemwa kwamba miaka yake ameitoa mahali. Susu alikuwa amezika wana wawili, wote kabla ya kuota mvi. Yeye bado alipanda mlima na kuni mgongoni.

Likizo ile baba yangu, kitinda mimba wake, alikuwa mgonjwa Makindu alikokuwa na duka. Mama alinileta kwa Susu ili apate nafasi ya kumuuguza. Mara tu alipoondoka, Mama Mutuku akaniita ng'ambo ya ua. Alikuwa mjane wa mwana wa pili wa Susu.

"Mwende, usikule kwa huyo mzee," alisema. "Alimaliza mume wangu, sasa anamalizia baba yako. Ukikula kwa chungu chake unampea na miaka yako."

Kuanzia hapo sikutulia. Uji wa mawele niliumwaga nyuma ya ghala. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wenye mbaazi na majani ya kunde, niliwarushia kuku, kisha nikakimbilia kwa Mama Mutuku kunywa chai tamu na mandazi. Nilimwangalia Susu akitafuna, taya zikienda polepole, nikajiuliza anamtafuna nani. Akikohoa nilifurahi, halafu nikaona aibu. Nilijipapasa uso mara kwa mara nikitafuta mikunjo.

Siku ya nne alinikuta na bakuli mkononi, uji bado unachuruzika ukutani. Nilingoja kiboko. Yeye akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Ni nani amekuambia?"

Nikaficha bakuli mgongoni. Akatazama ng'ambo ya ua, wala hakurudia swali.

"Wanangu nimewazaa na nimewazika," alisema. "Kama miaka ingekuwa kitu cha kupakua, si ningewapakulia wao?"

Kisha akauliza baba anakula nini huko Makindu. Nilimwambia: mkate, chapati, nyama ya kukaanga, na soda asubuhi na jioni, kwa kuwa soda ziko dukani. Susu aliinuka, akaenda ghalani. Kesho yake alifunga unga wa mawele, mbaazi na kunde kwenye kiondo, tukaenda Makindu.

Mama alitufungulia mlango nusu. Nilimwona akikiangalia kile kiondo, nikajua kwamba naye ameanza kuamini.

"Mama, ungengoja apate nafuu kwanza," alimwambia mkwewe.

"Nimeleta chakula," Susu alisema. "Sikuleta kitu kingine."

Walisimama hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka sauti ya baba ikatoka chumbani, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Mwacheni mwaitu apike," alisema, akimwita mama yake kwa Kikamba.

Daktari alikuwa amemwambia ana sukari na presha, aache soda. Baba alidhani ni kuacha kwa wiki moja. Susu alikaa pale hadi shule zilipokaribia kufunguliwa. Alipika kila siku, na kila siku alionja yeye kwanza mbele ya mama, bila kuombwa. Dawa alizotoa daktari, baba alizimeza zote. Uvimbe wa miguu ukapungua, akaanza kutembea hadi dukani. Mimi nami nilianza kula, kijiko kimoja kimoja.

Siku ya kuondoka Susu alimshika baba mkono mlangoni, majirani wakisikia.

"Ukirudia vile ulikuwa unakula, nitakuzika. Na mimi nimechoka kuzika."

Baba alicheka, akaahidi. Alishika ahadi muda mrefu kidogo, kisha chapati moja, kisha soda moja ya mgeni. Nilikuwa kidato cha pili alipokufa. Majirani waliyakumbuka maneno ya mlangoni, wakasema Susu alimwapiza.

Kwenye mazishi watu walikula wali chini ya turubai. Susu alikaa peke yake juu ya mkeka na bakuli la muthokoi, na hakuna aliyeukaribia. Sikuwa jasiri. Nilizunguka turubai mara mbili kabla ya miguu kunipeleka. Nilikaa, nikanawa, nikaingiza mkono kwenye bakuli lake. Mazungumzo yakakatika. Susu alinisogezea bakuli tu, akasema, "Kula, mtoto wa mwanangu."

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo.

Sasa ninakaribia sitini, na nesi wa kliniki ameniandikia karatasi: kunde, mbaazi, mawele, punguza sukari na mafuta. Niliisoma nikiwa kwenye foleni, nikapandwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Sisemi ni chungu tu kilichomweka Susu hai. Nimezika wengine waliokula kama yeye. Lakini baba yangu mkubwa wa kwanza alikuwa dereva wa lori, mtu wa kula vya kukaanga barabarani, na wa pili, mume wa Mama Mutuku, alisifika kwa kupenda chai yenye sukari hadi kijiko kisimame. Chai hiyo alikuwa anapikiwa na mkewe, kwa mapenzi yote.

Huenda Mama Mutuku aliwahi kulifikiria hilo, na ilikuwa rahisi zaidi Susu awe mchawi. Mama Mutuku yuko hai bado. Macho yamefifia, na wajukuu wa jirani wameanza kukwepa ua wake. Kila nikipanda Kilungu humpikia kunde na uji wa mawele. Huonja mimi kwanza mbele yake, ninamshikisha kijiko, naye hula polepole. Sijawahi kumuuliza kitu.