Kwao Wapi Huyo?

Leo, kwenye meza ya vitabu vya mitumba sokoni Walthamstow, huku ughaibuni, nimefungua kitabu kikuukuu, na ile harufu ya karatasi zilizokula unyevu ikanirudisha jikoni kwetu, utotoni.

Baba, mwalimu wa historia, alikuwa akitusimulia habari za mwigizaji aliyempiga risasi rais wa Marekani, enzi Kaskazini na Kusini wakipigana, kisha akarukia jukwaani mbele ya umati. Baba naye akaruka kutoka kwenye stuli, vumbi la chaki likamtoka mifukoni. Mimi nikabaki mdomo wazi.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Kila mtu aliyetajwa, yeye aliuliza jambo moja tu.

“Kwao wapi huyo?”

“Jimbo la mpakani, mama. Jimbo lilibaki na Kaskazini, moyo wake ukaenda Kusini.”

“Kumbe aliua kwa ajili ya kwa watu, si kwao!”

“Mwenyewe alisema ndiko kwao.”

Vidole vya bibi vikasimama juu ya ungo.

“Yaani mtu anajichagulia kwao?” akanong’ona.

Binti yangu ananivuta mkono. “Mama, twende nyumbani,” anasema, kwa Kiingereza.

Nakifunga kitabu, namfuata.