Swali Alilolikataa Hani

Ukimtafuta Hani Dagane siku ya Jumatano usimpate darasani, usijisumbue kwenda maktaba. Nenda soko la mifugo la Garissa, maana ndiyo siku ya mnada. Huko ndiko alikokulia, kwenye vumbi na kelele za mbuzi, akimtazama baba yake akifanya kazi ya udalali. Mzee Dagane si mtu wa maneno mengi. Anapopatana bei na mnunuzi, wawili hao hushikana mikono chini ya shuka na kuminyana vidole, kila kidole na thamani yake, na anayepita hapo haambulii chochote. Sheria yake ni moja tu: mkono ukishaingia chini ya shuka hautoki mpaka bei ikubaliwe au ikataliwe. Kuna siku simu yake ililia mara tisa. Aliyepiga ni mkewe, jiko la nyumbani lilikuwa limeshika moto. Dagane alimaliza bei kwanza. Mama Hani hajamsamehe hadi leo.

Binti wa mtu huyo ndiye aliyekwenda chuo kikuu akachagua kusomea Kifaransa. Majirani walicheka. "Kifaransa? Hapa atamuuzia nani mbuzi kwa Kifaransa?" Hani naye akacheka, kwa sababu aliona jambo ambalo wao hawakuliona. Mkalimani ni dalali. Anasimama kati ya watu wawili wasioelewana, anachukua neno la huyu anampa yule, na mali yenyewe si yake. Kazi hiyo aliizoea tangu utotoni, na wala hakujifanya haijui. Ungemuuliza nani mkalimani bora chuoni, angekutazama kama umemuuliza jua linachomoza wapi.

Basi Siku ya Lugha ikatangazwa, na zawadi ya safari hii haikuwa cheti wala fulana. Ilikuwa nafasi moja ya kwenda Djibouti muhula mzima kujifunza ukalimani, mahali ambapo Kifaransa kiko ofisini na Kisomali kiko sokoni. Hani alilisoma tangazo mara tatu, kisha akalipiga picha, asije akaamka kesho akalikosa. Alikuwa mwaka wa mwisho. Ikimpita hii, imempita.

Kulikuwa na doa moja tu. Mwaka uliotangulia alishiriki shindano hilo hilo akawa wa mwisho. Alipewa mgeni wa kumkalimania, akaanza kwa salamu kama alivyofundishwa nyumbani: safari, watu wa nyumbani, mvua, malisho, afya ya wazee. Kengele ikalia kabla hajauliza hata swali moja. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye akalia chooni.

"Mwaka huu fupisha," alimwonya mwalimu wake wa Kifaransa, Abdihafid. "Habari, nzuri, basi. Umenisikia, Hani?"

"Nimekusikia, mwalimu."

Kusikia, kweli alisikia.

Asubuhi ya shindano washindani wanne walifungiwa chumba cha pembeni, wakawa wanaitwa mmoja mmoja ili asiwepo wa kumsikiliza mwenzake. Ukumbini aliketi Daktari Sawadogo, daktari wa mifugo kutoka Burkina Faso aliyekuja Garissa kwa semina ya magonjwa ya ngamia. Kiswahili hajui hata kidogo. Mbele yake aliketi Mzee Jelle, mfugaji kutoka Hadado, mbali huko kaskazini, aliyekuwa ameleta ngamia wachache mnadani kwa lori. Mlinzi wa lango la chuo ni mpwa wake, naye ndiye aliyembembeleza mpaka akakubali. Daktari alikuwa na maswali saba kuhusu mifugo wa mzee aliowaacha nyumbani. Kila mshindani angepewa dakika nane kukalimani kati ya Kifaransa na Kiswahili, maana majaji waliotoka Nairobi hawakujua Kisomali. Kanuni ilikuwa imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: mkalimani hapunguzi neno, haongezi neno.

Hani aliitwa wa mwisho. Mlangoni akapewa karatasi ya maswali, akayapitia upesi. Sita hayakuwa na neno. La saba lilimfanya asimame palepale: Una ngamia wangapi?

Lo! Mfugaji haulizwi hivyo. Ni kama kumpekua mtu mifuko mbele ya wageni, na ngamia wakitajwa idadi hadharani, kijicho hakiko mbali. Hani alimtazama Mzee Jelle, mikono ameifunga kifuani, fimbo magotini, uso umefungwa kama duka siku ya Ijumaa saa saba. Akajua kwamba wenzake watatu walikwishamuuliza.

Akaikunja ile karatasi. Kama ni kushindwa, atashindwa kwa adabu.

"Asalaam aleikum, adeer," alisema, kama amwamkiaye baba yake mdogo.

"Waleikum salaam."

"Mmeamkaje, adeer? Habari ya safari?"

"Nabad, amani tu. Lori ilisumbua kidogo."

"Watu wa nyumbani je?"

"Nabad."

Kila kilichosemwa Hani alikigeuza kwa Kifaransa, mpaka lile lori lenye usumbufu. Nyuma ya ukumbi Mwalimu Abdihafid alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Na Hadado, mvua ilinyesha?"

Hapo mikono ya mzee ikafunguka. "Mfua ilibiga siku mbili tu, binti yangu. Majani ilitoka, lakini ngamia nakohoa tangu hiyo mfua."

"Poleni, adeer. Maji je?"

"Kisima iko mbali, siku moja na nusu. Watoto ya ngamia nachoka njiani. Ingine nafura hapa." Akajishika chini ya taya. "Ile kubwa nabona. Ile ndogo nakufa."

"Inna lillahi. Mliwapa dawa?"

"Dawa ya duka. Ile ya rangi ya maziwa. Haisaidii kitu!"

Mzee akawa hazuiliki tena. Alieleza malisho waliyohama na jirani aliyehama kabla yao, akataja hata kupe. Hani alimfuata nyuma neno kwa neno, sauti yake imetulia kabisa, na Daktari Sawadogo aliandika huku akigeuza kurasa. Ilipofika dakika ya sita, daktari aliinua kalamu akasema kwa Kifaransa kwamba maswali sita ameshayapatia majibu bila kuyauliza. Limebaki la saba. Tafadhali.

Hani akapima pande zote mbili. Akiliuliza, atakuwa ametii kanuni, na mzee atafunga mdomo au atadanganya. Asipoliuliza, Djibouti inaweza kumponyoka. Akamgeukia daktari, akamwambia kwa Kifaransa, polepole ili majaji nao wamfuate: "Swali hili huku kwetu haliulizwi. Nikilifikisha utapewa jibu, lakini halitakuwa la kweli. Nakuomba uulize kwa njia nyingine." Kisha akamgeukia mzee. "Adeer, daktari ana swali kuhusu idadi. Nimemwambia sisi hatuulizani hivyo."

Mzee Jelle alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Daktari alifikiri kidogo, akacheka, akasema jambo. Hani akalifikisha: "Anauliza, akikuandalia dawa, aandae ya vichwa vingapi?"

"Dawa? Alete ya sitini," alijibu mzee bila kusita. "Ikibaki, si itakaa?"

Kengele ikalia.

Bi. Kerubo, jaji mkuu, hakuwa mtu wa kuchekacheka. "Umevunja kanuni, Hani. Salamu umeongeza, na swali la saba hukulifikisha."

"Ni kweli sikulifikisha," Hani alijibu. "Lakini sikulificha. Mwenye swali nimemwambia sababu, na mwenye ngamia nimemwambia pia. Baba yangu ni dalali. Dalali anayeficha upande mmoja ni mwizi. Mimi sikumwibia mtu."

Daktari Sawadogo akaomba yasomwe majibu ya swali la saba waliyopewa washindani wengine. Bi. Kerubo akavaa miwani. "Mshindani wa kwanza: ngamia wawili. Wa pili: ngamia kumi." Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Wa tatu: hana ngamia, ana punda."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mzee Jelle aliangalia dari kana kwamba anatafuta dalili ya mvua. Abdinasir, yule mshindani wa pili, mwenye Kifaransa cha kukufanya usahau chakula, alicheka kuliko wote. "Yaani nimekalimani uongo kwa lafudhi safi kabisa!"

Bi. Kerubo alipojaribu kukunja uso, uso ukamkatalia. Majaji walinong'onezana kwa muda ambao Hani aliuona mrefu kuliko miaka yake yote ya chuo. Kisha jina likatajwa, nalo lilikuwa lake.

Hakungoja picha wala soda. Alipanda bodaboda mpaka soko la mifugo, buibui likipepea nyuma, akampata baba yake katikati ya ngamia, mkono umo chini ya shuka, umeshikana na wa mnunuzi mmoja mnene. Dagane alijua leo ni siku gani. Alimwona binti yake anakuja, lakini adabu ni adabu, na mkono ulibaki palepale.

"Warran, Hani? Habari?"

"Nabad, aabo."

"Mmeshindaje huko chuoni?"

"Vizuri, aabo. Jua ni kali."

"Walimu wazima?"

"Wazima wote. Wanakusalimu."

"Watu walikuwa wengi?"

"Wengi, aabo. Kulikuwa na mzee wa Hadado. Kwao mvua ilipiga siku mbili."

"Alhamdulillahi." Ndipo akauliza, sauti imeshuka: "Na lingine?"

"Lingine, aabo, nafasi ya Djibouti nimepewa mimi."

Dagane aliuchomoa mkono chini ya shuka.

"We Dagane!" mnunuzi alipiga kelele, vidole vyake vimebaki hewani. "Si tulikuwa tumekaribia kupatana?"

Dagane hakumsikia. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kichwa cha binti yake, naye alikuwa akimwombea dua kwa sauti, katikati ya soko, siku ya Jumatano.