Mkungu Uliosoma Maruku

"Shangazi, kwani siku ile kule Kimwani hukujua kwamba wamekudhania wewe ni shangazi wa mtu mwingine?"

Swali hilo Ma Alistidia aliulizwa na mwandishi wa habari hii, mtoto wa kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne na alikuwa akiuliza maswali hata kanisani. Ma Alistidia alimjazia sahani katogo, zile ndizi zake zilizopikwa pamoja na maharage, akasema, "Kula, kinapoa." Kilikuwa cha moto kiasi cha kubabua ulimi.

Ma Alistidia ni mpishi mwenye magurudumu. Ukiwa Bukoba mjini ukaona kirikuu, kile kigari kidogo cheupe cha mizigo, kimefunguliwa ubavu na sufuria zinatoa mvuke, basi hapo ndipo jikoni kwake. Dereva wake anaitwa Muksini, mtu mwembamba ambaye kazi zake ni kuendesha, kuosha vyombo na kulalamika.

Mji mzima unamjua kwa jambo moja: hanunui kitu bila kukifanyia usaili. Nyanya anazinusa. Vitunguu anavitikisa sikioni. Mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, wavuvi wakimwona anateremka wanaanza kuonyana, maana huyo atamshika sato, amfunue mashavu, amtazame machoni na kumwuliza, "Umekufa lini wewe? Sema kweli." Mvuvi akijaribu kujibu, anamkatiza: "Sijakuuliza wewe."

Lakini ndizi zilimshinda. Kuna msimu zote alizonunua ziligoma kuiva. Aliziweka motoni asubuhi, zikaiva kwa nje, ndani zikabaki na msimamo wao. Mwalimu mmoja alibonyeza kipande kwa kijiko, kikaruka kikampiga mwenzake kwenye miwani. Tangu siku hiyo gari likaitwa Kokoto. "Twende tukale Kokoto?" watu walikuwa wakiulizana, wanacheka, halafu wanakwenda kula kwingine.

Sasa shule moja ya Kahororo ikawa na mahafali, na mkuu wa shule akamwonea huruma, akampa kazi ya kulisha wageni. Wakifurahi, atapewa nafasi ya kuegesha getini mwaka mzima. Wakivunjika meno, ndiyo kwaheri.

"Muksini," Ma Alistidia akasema, "hii ikishindikana nauza gari, narudi kushona kola."

Muksini hakulalamika hata kidogo, na hiyo ndiyo dalili kwamba jambo lilikuwa zito. Ma Alistidia alikuwa ameshona kola za mashati ya shule kwa miaka mingi kabla ya kununua kile kigari. Mpaka leo akikaa kanisani nyuma ya mtu mwenye shati, hufumba macho.

Siku moja kabla ya mahafali, samaki walikuwa wamepatikana, maharage yamepatikana, ndizi hakuna. Mteja mmoja akamwambia kwamba kule Kimwani, Muleba, kuna mzee anaitwa Ta Anatory, na ndizi zake huiva ukizikodolea macho tu. Wakawasha gari wakaenda.

Wasichojua ni kwamba siku hiyo nyumba ya Ta Anatory ilikuwa inangoja wakwe. Binti yake Kokushubila, aliyesomea kilimo kule Maruku, alikuwa anaposwa na kijana aitwaye Avit. Watu wa Avit wanatoka Geita na hakuna mtu Kimwani aliyewahi kuwaona. Walichoambiwa ni kimoja: shangazi wa kijana atatangulia na mshenga, kwa kigari cheupe.

Kirikuu kiliachwa barabarani nyuma ya mibuni, kwa sababu ya tope, weupe wake tu ukionekana kati ya majani. Ma Alistidia alipotokeza uwanjani akapigiwa vigelegele. Akageuka nyuma aone anapigiwa nani. Akamwona Muksini, ambaye hafanani na mtu wa kupigiwa vigelegele.

Wakaingizwa sebuleni, wakakalishwa, Ma Alistidia kwenye kiti chenye mto, wakaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Na kupitia dirishani Ma Alistidia akauona. Mkungu! Umening'inia nyuma ya jiko, vidole vimenona kama vya mtoto mchanga, mgomba wenyewe umeinama mpaka umewekewa nguzo.

"Karibuni, waitu, karibuni ndugu zetu," akasema Ta Anatory, mzee mfupi aliyevaa koti la siku kubwa. "Sisi hapa ni watu wa Kihaya, lakini jambo kama hili tulizungumze kwa Kiswahili, liwe rasmi."

"Asante, baba. Mimi sina maneno mengi. Nimesikia mjini kwamba nyumba hii ina mkungu mzuri. Nimekuja kuuomba."

Sebule nzima ikaguna kwa furaha. Wazee wakatazamana. Huyu ndiye anayejua kuposa! Mwingine angesema kaona ua, mwingine angesema anatafuta jiko, mambo ya kila siku hayo. Huyu kaja na mkungu!

"Umesikia vizuri," akasema Ta Anatory huku akijivuna. "Mkungu upo. Na umesoma."

"Umesoma?"

"Umesoma Maruku. Mpaka cheti unacho."

"Ahaa," akasema Ma Alistidia, maana Maruku kuna watafiti wa migomba. "Kumbe ni wa kisasa."

"Wa kisasa, lakini una adabu."

"Na mnyauko je? Haujawahi kuuguaugua?"

Watu wakakohoa. Shangazi gani anauliza afya waziwazi hivi? Lakini siku hizi wachumba wanaulizwa vipimo hata na padri, kwa hiyo Ta Anatory akajikaza. "Ni mzima kabisa. Haujawahi kulazwa."

Pale pembeni alikuwa amekaa Bibi Kokuhirwa, mama yake Ta Anatory, mwenye masikio yaliyochoka. Maneno yote ya siku hiyo yalikuwa yakimpita, ila neno mkungu lilimwingia sawasawa.

"Nimeulea mimi!" akapaza sauti. "Kwa samadi na majivu!"

Wakampigia makofi. Uzee si mchezo, angalia mafumbo yake!

"Na machipukizi ya pembeni niliyakata yote, yasiunyonye!"

"Anawasema wale vijana waliokuwa wanamzungukazunguka," mjomba mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Hapo sawa, Bibi," akasema Ma Alistidia karibu na sikio lake, amesahau watu wengine wote. "Na ulipoanza kuinama, ukauwekea nguzo ngapi?"

"Mbili! Na hizo mbili ndizo zimeusimamisha mpaka leo!"

"Baba na mama yake," mjomba akaendelea kutafsiri, machozi yakimlengalenga.

Ta Anatory akamgeukia Muksini. "Na mshenga wetu hana neno?"

Muksini alikuwa na kahawa shavu zima. "Mimi naomba tuwahi tu, mzee. Breki zangu hazishiki kwenye utelezi."

"Kijana wao ana haraka," wakaambizana wanawake, wakicheka na kusukumana.

"Basi mnaona tuupange lini?" akauliza Ta Anatory.

"Tupange nini, baba? Nauchukua leo."

"Leo?"

"Leo hii. Naulaza nyuma ya gari, naufunika turubai usilowe."

Mama wa binti akashika kifua. "Bila padri?"

"Padri wa nini, mama? Alfajiri naumenya, naukatakata, nauchemsha na maharage."

Mjomba aliyekuwa akitafsiri akameza kahawa yake bila kuitafuna. Halafu kutoka chumba cha ndani kikapasuka kicheko. Kokushubila akatoka mbio, kitenge kinamvuka, kidole kinaonyesha barabarani.

"Baba! Huyu si shangazi! Nimeliona gari lake dirishani. Huyu ni Kokoto!"

"Kokoto ndiyo nani?"

"Mama muuza chakula wa Bukoba! Nimekula kwake. Jino hili hapa, mpaka leo halijanisamehe!"

Ma Alistidia akasimama. Aibu ilimpanda kuanzia miguuni. Akasema ndiyo, ni yeye, na alikuja kununua ndizi. Akaeleza habari ya mahafali, ya geti, na ya kola. Alipofika kwenye kola akafumba macho.

"Pole, mama," akasema Ta Anatory, ambaye alikuwa hajui acheke au afukuze mtu. "Lakini ule ni mkungu wa wakwe, hauuzwi. Ya kuuza ipo kule barabarani."

Ya barabarani! Kila mtu mle ndani alijua ya barabarani ni ipi. Ni ile ambayo mwenye shamba haipiki kwake. Ma Alistidia aliitazama mikono yake kana kwamba inashika sindano tayari.

Ndipo Bibi Kokuhirwa alipogonga sakafu kwa fimbo. Alikuwa ameelezewa sikioni, kwa kelele, kilichotokea, na ajabu ni kwamba hakushangaa hata kidogo. Yeye tangu mwanzo alikuwa anazungumza habari za ndizi.

"Hauuzwi? Shamba la nani?"

"La kwako, mama."

"Nguzo kaweka nani?"

"Wewe, mama."

"Watu wanakula ndizi zangu miaka yote, wakimaliza wanasifu nyama! Huyu kaniuliza nguzo. Mpeni."

"Na wakwe, mama? Wakwe wanakuja!"

"Wale ule wa pili. Wanakuja kuoa au wanakuja kula?"

Mkungu ukakatwa, wanaume wakaupokea mabegani usiguse chini, wakaulaza ndani ya kirikuu juu ya majani ya migomba. Bibi akapokea pesa yake, akaifunga kwenye pindo la kitenge, na akamwagiza Muksini apite kwenye mashimo taratibu.

Gari lilikuwa linaanza kuondoka, likapishana na kigari kingine cheupe, matairi yametapakaa tope. Huyo sasa ndiye shangazi mwenyewe, mama mrefu mwenye kofia, na nyuma yake mshenga pamoja na Avit, aliyeshindwa kungoja, anavuja jasho ndani ya suti. Wakashuka. Shangazi akasimama uwanjani, akakohoa kidogo, akatoa kwa sauti kubwa maneno aliyokuwa akiyafanyia mazoezi tangu Geita:

"Hodi wenyewe. Tumekuja kwa ajili ya kile kizuri mlichotutunzia."

"Mmechelewa!" akapiga kelele Bibi Kokuhirwa kutoka mlangoni. "Kimeshakwenda! Huyo hapo kakitia kwenye gari, kesho anakichemsha!"

Avit akakaa chini. Kwenye tope, na suti yake.

"Avit, inuka!" Kokushubila akapita mbio katikati ya wazee. "Inuka bwana, mimi nipo! Ni ndizi!"

"Ni ndizi?" akauliza Avit kwa sauti ndogo, na inasemekana alirudia swali hilo mara kadhaa jioni ile, hata baada ya kukubaliwa posa.

Siku ya mahafali, Ma Alistidia alifunua sufuria. Akabonyeza kipande kwa mwiko. Kikaingia kama siagi. Akabonyeza kingine, halafu kingine, mpaka Muksini akamwambia, "Mama, utazimaliza kwa kuzibonyeza." Mgeni rasmi alinusa harufu katikati ya hotuba, akaruka kurasa, akatangaza kwamba mengine watasoma wenyewe nyumbani. Mkuu wa shule alirudi sufuriani, akarudi tena, akiwa ameshika sahani ya mtu mwingine ili isionekane ni yeye. Geti likapatikana. Jina la Kokoto halikufutika, ila siku hizi watu wakilitaja wanameza mate.

Miaka ikapita. Yule mtoto wa kaka sasa yuko kidato cha tatu, na siku za likizo humsaidia kumenya, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Siku moja, bila kuulizwa, Ma Alistidia akaweka kisu chini.

"Nilijua."

"Ulijua nini, Shangazi?"

"Kule Kimwani. Si uliniuliza? Nilijua waliponikalisha kwenye kiti chenye mto. Nimezunguka Bukoba na Muleba yote natafuta vitu vya kupika, hakuna aliyewahi kunipa hata kigoda. Mnunuzi husimama barabarani, na ya barabarani ndiyo anayouziwa. Nikajiambia, Alistidia, hujui hawa watu wanamngoja nani, lakini kaa."