Honi ya Babu Asegelile

Enzi zetu nyumba ilikaa mahali pamoja, watu ndio walitembea. Nyumba moja tu ilikataa utaratibu huo, nayo ilikuwa ya babu yangu Asegelile, dereva mstaafu, bingwa wa kukwama kwenye matope kuliko madereva wote waliowahi kupita barabara ya Iringa kwenda Mbeya.

Nawaandikia nyie wenzangu mliooga maji ya mtoni mwezi wa sita mkaenda shule mnatetemeka. Vijana nao karibuni, ingawa najua mkifika mstari wa tatu mtakuwa mmeshahama. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Majina sikosei. Hata kuku wa mwaka ule nawakumbuka kwa majina.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwanangu Lusajo amestaafu na mkewe Neema, wakanunua gari lenye kitanda ndani, jiko, sinki, na choo cha kukunja. Wanazunguka nchi kusalimia ndugu. Walipofika hapa kwangu Mafinga, Lusajo akapiga bodi la gari kofi kama anayeuza ng'ombe, akasema, "Mama, ukoo mzima sisi ndio wa kwanza kusafiri na nyumba."

Wa kwanza! Nikatikisa kichwa. Mzee kazi yake ni kutikisa kichwa.

Babu Asegelile alikuwa Mnyakyusa aliyekwenda Iringa akiwa kijana, akamwendeshea lori Mgiriki mmoja wa tumbaku mpaka mvi zikamtoka. Siku ya kuagwa alipewa lile lori lenyewe, maana nalo lilikuwa limestaafu. Mtu mwingine angelifanya banda la mbuzi. Babu akaranda mbao, akajenga nyumba juu yake: kitanda cha kamba, rafu ya vikombe, mlango wa nyuma wenye komeo, na jiko la mawe matatu juu ya bati. Dirisha la moshi alilisahau. Tulipokuwa tunapika, wanakijiji walikuwa wanakuja mbio na ndoo za maji kutuzima.

"Nimemaliza kazi ya watu," akamwambia Bibi Tupokigwe. "Sasa tunakwenda kutembelea wanetu. Na kila mahali nilipopita ujanani nitakuonyesha."

Bibi akamtazama. "Tunakwenda lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa mvua."

"Ndiyo, vumbi halitatusumbua."

Hapo niwaeleze shida yangu mimi, Atupele, niliyekuwa na miaka tisa. Nilipoachishwa ziwa nilipelekwa Iringa kwa Bibi, ati nimsaidie kazi. Mtoto wa miaka miwili! Wazazi wangu walibaki Uyole, kule Mbeya, baba yangu Anyosisye na mama yangu Subilaga. Baba alikuja kunitazama kila baada ya mavuno. Mama hakuja hata mara moja, na si kwamba hakunipenda. Kwetu Wanyakyusa wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali, anaacha njia na kujificha. Jina lake halitaji. Chombo alicholia chakula hakigusi. Na kwa Bibi ndiko kwa Babu, sasa mama angekuja vipi?

Kwa hiyo miaka saba sikumjua mama yangu sura. Pale Iringa tulikuwa tunacheza kombolela, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, na rede mpaka miguu inapasuka, na nikimshinda Pelagia, binti wa jirani yetu Mhehe, alikuwa na dawa yangu moja tu: "We una mama kweli, au uliokotwa barabarani na lori la babu yako?" Nilikuwa nampiga, lakini jibu sikuwa nalo. Siku tulipoondoka nilimwambia nitarudi na jibu. Nitamwona mama yangu, nije nimweleze Pelagia alivyo, kuanzia nywele.

Tukaondoka: Babu usukani, Bibi pembeni, mimi nyuma na kuku watatu, Tabu, Mwendapole na Malkia. Babu alifunga honi ya mpira, ile ya kubinya, kubwa kama kibuyu. Alieleza kwa heshima zote kwamba honi ile ni ya wakwe: akikaribia nyumba ya mwanawe anabinya mara tatu, mkwe asikie, apate nafasi ya kujificha kwa utulivu. Utaratibu mzuri. Tatizo ni kwamba aliwabinyia mbuzi, aliibinyia miti, aliyabinyia hata mawe makubwa.

Na zile sehemu za ujanani alizoahidi? Kila tulipofika mahali panapopendeza alisimamisha lori, akashuka, akavua kofia. "Hapa," anasema, "nilikwama siku nne." Tunasonga. "Hapa nilikwama, nikalala na fisi." Bibi alishuka mara mbili za kwanza kwa adabu ya ndoa. Mara ya tatu alibaki ndani akichambua maharage. "We nenda kalisalimie hilo tope," akamwambia, "mimi niambie likiuliza hali yangu."

Mafinga tulilala kwa shangazi Kissa, binti yao. Misindano ya siku hizi, hii misonobari inayobebwa na malori ya mbao usiku na mchana, haikuwepo. Ilikuwa nyasi, upepo na baridi yenye meno. Shangazi alitupikia kande, akachoma mahindi, tukala tumekunja miguu motoni. Mtu binti yake hamkimbii, kwa hiyo Babu alikaa pale anacheka kama mtu mwingine kabisa. Nikawaza, kumbe kinachofukuza watu si sura yake.

Siku ya nne tukaingia Uyole, mvua imepumzika. Nilikuwa nimechana nywele kwa mafuta ya nyonyo. Babu akabinya honi mara tatu kwa taratibu. Kisha akapita mbuzi, akabinya tena. Kisha akafurahi tu, akabinya mpaka uwanjani. Badala ya kusimama barabarani kama walivyokubaliana na baba, akaingiza lori moja kwa moja mbele ya mlango wa nyumba, ili majirani waone vizuri. Likapita uzio, likapita lundo la kuni, likazama. Matairi manne kwenye tope, mlango wa lori ukiutazama mlango wa nyumba kwa hatua tano.

Niliruka chini kabla halijazimwa. Nikaona kitambaa cha bluu kinaingia kwenye mahindi, na visigino viwili vyeupe kwa majivu. Mama yangu ndiye huyo, kitambaa na visigino.

Nikadhani atarudi akishaona Babu ameshuka na kwenda zake kwa jirani. Lakini Babu hashuki. Nyumba yake ni lori, lori liko hapa, yeye anakwenda wapi? Atakaa hapo alilinde lisiibiwe. Hapo ndipo mjue akili za baba wakwe. Lori lililoishinda hata injini yake, limezama mpaka ekseli, anaogopa litaibiwa.

Basi mama akahamia kwa jirani, mama Gwakisa, ng'ambo ya shamba. Alikuwa anapika huko, chakula kinaletwa na baba kimefunikwa kwa jani. Siku ya kwanza nikaingia kwenye mahindi kumtafuta. Mimi bingwa wa kombolela Iringa nzima, nilizunguka mpaka nguo zikalowa. Kila nilipokaribia, Babu, huko kwenye lori, anaona ndege, anabinya honi, na mimi nasikia mahindi yanavunjika mbele yangu. Mama hakujua honi ya mkwe na honi ya ndege tofauti yake ni nini. Na mimi sikujua nimwite nani. Kuita "mama" sikuwa nimezoea, sauti ilikuwa haitoki.

Siku ya pili mvua ilinyesha kutwa. Nikaenda kwa mama Gwakisa. Akaniambia mama ametoka kuchota maji. Nikaenda mtoni. Mtoni wakaniambia amesikia honi, amepita juu. Niliporudi, nilimkuta Babu anamwonyesha mzee mmoja jinsi honi inavyofanya kazi.

Siku ya tatu asubuhi Bibi aliniletea ndizi za nazi? Hapana, nazi ya wapi kwetu. Ndizi za maziwa, mama alizipika kwa ajili yangu, Bibi akasema. Nikazisukuma. Bibi akauliza naumwa nini. Ndipo nikasema kwa sauti kubwa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu mbele ya watu wazima: "Nimetoka Iringa kuja kuona visigino?"

Kule mbele Babu aliacha kufuta kioo.

Nilitegemea fimbo. Bibi naye alitegemea fimbo, maana alisogea akakaa katikati. Kisha, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite, akamwambia mumewe kupitia kidirisha cha kuelekea kwa dereva: "Baba Anyosisye, tumekuja kutembelea watu au kuwahamisha? Mwenye nyumba yuko kwenye mahindi siku ya tatu, wewe uko hapa unapuliza kibuyu."

"Ndiyo desturi," Babu akasema.

"Desturi inasema ajifiche. Haikusema ajifiche mpaka aote mizizi."

Babu akaja nyuma, akavua viatu, akapanda kitandani, akalala chali kama maiti. "Nipe blanketi," akasema. "Lile zito."

"La nini?"

"Nifunike kichwa mpaka miguu. Huyo mtoto akamwite mama yake. Nisipoonekana, sipo."

Jamani, mimi sijawahi kuona tena mtu mzima mwenye kofia yake, aliyeendesha lori miaka yote ile, anayeogopwa na ukoo mzima, amelala chini ya blanketi mchana kweupe ili mwanamke apite. Kujificha ilikuwa kazi ya wanawake. Baba yangu Anyosisye alipoona, alitoka nje akaenda kuhesabu miti, asijulikane kama analia au anacheka.

Nikakimbia. Safari hii nikaita. Sauti ikatoka: "Mama! Njoo! Amejificha yeye!"

Akatokea kwenye mahindi taratibu, amejifunika kitambaa usoni, anakanyaga kama anayepita juu ya mayai. Alipofika mlangoni mwake akafunua. Mwanamke mwembamba, mdogo kuliko nilivyofikiri, uso wangu mwenyewe umekaa kwake. Akanishika mashavu, kisha mabega, kisha akanigeuza kunitazama mgongo, kama mtu anayekagua ng'ombe aliyerudishwa. Nikasema, "Pelagia anasema sina mama." Akaketi kizingitini, akanipakata na miguu yangu mirefu ikiburuta chini.

Mlango wa lori ulikuwa wazi, hatua tano. Blanketi lilikuwa limelala. Malkia, yule kuku, akapanda kitandani, akazunguka mara mbili, akakaa juu ya tumbo la Babu kutaga. Blanketi halikutikisika. Malkia naye hakuwa na haraka. Mama alitazama, akaziba mdomo, ikashindikana, akacheka kwa sauti. Ndipo nikaona ana mwanya. Mwanya mpana, mzuri. Nikasema moyoni, Pelagia, subiri.

Mchana kutwa alinilisha, akanisuka, akaniuliza habari za shule. Jua lilipoinama akaniambia, bila kutazama upande ule, lakini kwa sauti ya kuvuka uwanja: "Mwambie mwenye blanketi, ndaga fijo." Ndiyo asante sana ya kwetu.

Chini ya blanketi ikatoka sauti: "Mwambie, mwenye blanketi anaomba apewe nafasi. Haja imembana tangu saa nne."

Siku mbili zaidi Babu alilala chini ya blanketi kuanzia asubuhi, mpaka baba alipopata ng'ombe wa kulivuta lori. Wanne walikuwa: Simba, Madoa, Kapungu na Sukari. Tulipoondoka, Babu hakubinya honi hata kwa mbuzi. Tulipokunja kona tu, akasimama, akabinya mara tatu taratibu. Nikachungulia mlango wa nyuma. Mama alikuwa amesimama katikati ya barabara, hakukimbia, kitambaa cha bluu mkononi.

Sasa nirudi kwa hawa wa kwanza katika ukoo. Lusajo na Neema walipokuja nilikuwa nimewatandikia kitanda, shuka zimepigwa pasi. "Mama usihangaike," wakasema, "sisi tuna chumba chetu." Neema mkwe wangu hanikimbii hata kidogo. Ananiita mamito, ananibusu, ananipiga picha kabla sijatoa kitambaa cha jikoni. Wakalala ndani ya gari uwanjani kwangu, vioo vimefungwa, pazia limeshushwa, mwanga wa simu unamulika kila mmoja upande wake. Hatua tano kutoka mlangoni kwangu. Nilipeleka chai asubuhi, nikagonga, Lusajo akafungua kioo kipande cha kutosha kikombe. Saa tatu wakaniaga, wana ratiba, wanawahi Mbeya. Niliwauliza kama gari lina honi. Wakacheka, "Mama, siku hizi kupiga honi ni ushamba."

Siwalaumu. Hawana desturi ya kuwazuia, wamejificha tu wenyewe.

Lakini nilimwambia Lusajo, mkirudi, mkifika pale kona ya msikiti, bonyeza honi mara tatu. Akasema sawa, mama. Tangu hapo kila honi ikilia natoka mpaka getini na fimbo yangu. Mpaka leo ni malori ya mbao. Madereva wameshanizoea, wengine wananipungia mkono, nami nawapungia, maana nao wametoka mbali.