Mshale wa Kioko Bado Uko Juu

Enzi zetu, nyinyi wenzangu mliokula muthokoi wa mahindi na maharagwe asubuhi na jioni bila kuulizwa kama mmeuchoka, mchumba hakuja nyumbani kupigwa picha. Alikuja kupimwa. Kwetu Zombe, Umau, yaani babu yetu, alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Ukimtaka binti yake, simama uwanjani, shika upinde wake, piga kibuyu kilichowekwa juu ya kichuguu. Ukikosa, rudi kwenu na mbuzi wako.

Sisi watoto tulikuwa na pinde zetu za vijiti na mishale ya mabua, tukiwinda mijusi njiani kutoka shule, kaptura zimetoboka nyuma. Upinde wa Umau ulikuwa kitu kingine. Ulining'inia ukutani nje ya jikoni, ukinuka moshi na nta ya nyuki. Katikati ya kamba yake alikuwa amezungusha uzi mwembamba, akafunga fundo dogo la kuonyesha mahali pa kupachika mshale. Fundo lenyewe halikukazwa kabisa. Ukilizungusha kwa kucha, lilipanda au kushuka kwenye kamba kama nati. Likipanda, mshale huinamisha pua na kula vumbi. Likishuka, mshale hutazama juu. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kusoma.

Basi shangazi yangu Mumbua akampenda Kioko, kijana wa kuziba pancha za malori kule Mtito Andei, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika upinde. Sisi tulimpenda kwa sababu ya mikate. Alikuja nayo kwapani, na mkate enzi hizo haukuwa chakula, ulikuwa sikukuu. Shangazi alikonda kwa wasiwasi. Alisema Kioko akikosa kile kibuyu, yeye haolewi tena na mtu yeyote, na shangazi hakuwa mtu wa kusema maneno ya bure.

Asubuhi ya siku yenyewe tulikuwa uani tukichambua maharagwe. Tukamwona Umau akiujia upinde, akatupa mgongo, akazungusha fundo. Upande gani, hatukuona. Tukamkimbilia shangazi. Yeye hakuwa na shaka kwamba baba yake amelipandisha ili Kioko aaibike. Akaja akijifanya anatafuta mwiko, akalishusha. Susu, nyanya yetu, naye alikuwa amesikia kelele zetu. Akaja akalishusha. Mama akafuata. Hata mchungaji aliyealikwa kuomba alitaka kwanza auwekee mikono upinde, na aliposema amina vidole vyake vilikuwa vinang'aa nta.

Kioko akavuta kamba, macho ameyafumba. Mshale haukushughulika na kibuyu. Ulipaa moja kwa moja, ukapita paa la ghala, ukaingia kwenye jua, nasi tukabaki shingo juu. Kuku walikimbilia chini ya ghala, na mchungaji akawafuata. Tukangoja. Haukuanguka. Tukatafuta vichakani mpaka ng'ombe wakarudi, na mshale hatukuuona.

"Mzee, nimekosa ama nimepata?" Kioko aliuliza, jasho linamtiririka.

Umau alitazama mbinguni kwa muda. "Kitu bado haijaanguka, utasemaje imekosa? Tungoje."

"Na hizi mbuzi zangu?"

"Wacha zingojee hapa."

"Na kijana akule," Susu akasema.

Hivyo mbuzi wakapokewa kwa muda. Arusi ikafanywa kwa muda, kanisani, na mchungaji yule yule, ambaye alikataa katakata kupiga picha nje. Watoto wakazaliwa kwa muda, wakabatizwa kwa muda. Susu akauhamishia mkeka wa kunde chini ya paa. Jirani yetu alichunga na sufuria kichwani miaka mingi, na hakuna aliyemcheka.

Umau alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, alimwita Kioko. Mimi nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji.

"Ile fundo," akasema, "mimi nilishusha."

Shangazi aliposikia aliketi sakafuni, akacheka mpaka akalia. Hakuna hata mmoja aliyelipandisha. Boma zima lilimtaka Kioko, likamtaka kupita kiasi.

Siku hizi binti yangu aliposwa kwa simu, akakubali kabla chai haijapoa, na kabla ya mavuno wakawa wameachana, nayo hayo kwa simu. Nikimwambia habari za fundo ananiuliza kwa nini hatukununua upinde mpya. Nawakumbuka wale wazee.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote Zombe. Kioko ana mvi sasa, na goti moja halikunji vizuri. Chakula kilipoiva ilibidi avuke uwanja kwenda jikoni. Shangazi alimshika mkono mlangoni, akamzuia kidogo, akatazama juu, kisha wakavuka.