"Umeilaza?" Nikajibu Ndiyo

Kosa ni langu. Msitafute mchawi, msimlaumu mume wangu, msilaumu umeme wa Gitega. Ni mimi na kichwa changu kigumu! Nimeandika haya mara tatu nikayachana. Leo sichani.

Nimekulia Tanzania, na sekondari nimesomea huko. Tuliporudi Burundi nilijifunza kutengeneza redio za betri kule Muyinga, kwa mzee mmoja fundi. Nikaolewa Gitega. Hapa mtaani kwetu Magarama watu wananiletea spika mbovu halafu wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" Fundi ni mimi, we baba!

Kwaya yetu ina amplifaya ya zamani, ya vali, zile taa za vioo zinazowaka kama makaa. Sauti yake ni asali, ila ilikuwa imeanza kuunguruma. Nikajua ni kapasita, ile mikebe inayotunza umeme ndani. Zimezeeka.

Mzee akanitumia mpya kutoka Muyinga, ndogo na kubwa. "Weka ndogo, mama. Kubwa inashika umeme mingi."

Nikaweka kubwa. Nilitaka besi itikise madirisha ya kanisa. Kiburi!

Nilichomelea mchana, mkekani, binti yangu wa mwaka na nusu amelala pembeni. Vali nilikuwa nimezitoa zisivunjike. Nikawasha kidogo nipime volti, nikazima, nikachomoa waya ukutani. Mzee akapiga simu.

"Mama, iko namna gani?"

"Nimezima, Mzee. Nataka kupunguza miguu ya kapasita, ni mirefu."

"Umeilaza?"

Nikaitazama amplifaya. Ilikuwa chali, tumbo wazi.

"Nimeilaza."

"Vizuri? We uko na haraka sana, mi nakujua."

"Imelala kama bwana harusi!"

Akacheka. "Basi sawa. Endelea."

Nikainuka kuchukua koleo chumba cha pili. Hatua nne tu, ndugu zangu. Nne!

Nikasikia pa! Kama kijiti kikavu kinavunjika.

Nilirudi nikamkuta binti yangu ameamka na kuanguka kando ya mashine, macho wazi, mdomo wazi, hana sauti. Mtoto huyu akinyimwa ndizi analia mtaa mzima unajua. Sasa kimya. Nilimtikisa. Nilimpulizia usoni. Nilipiga yowe hata mume wangu akaingia mbio kutoka uani.

"Umemfanya nini? Mama, umemfanya nini mtoto?"

Waya haukuwa ukutani! Umeme umetoka wapi?

Ndipo akalia. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile kilio.

Hospitalini daktari alitazama vidole viwili vilivyoungua, akauliza mkono wa pili ulikuwa wapi. Ulikuwa umeshika kitenge changu, anakipenda akilala. Akasema ungeshika bati la mashine, umeme ungepita kifuani. Hakumaliza. Na mimi sikutaka amalize.

Nilimpigia Mzee kwa hasira.

"Kulaza ni kufanya nini?"

"Ni kuitoa umeme, mama. Unapitisha kwa rezista polepole mpaka mita isome sifuri. Zile kondensateri, we unaita kapasita, zinabaki na moto hata ukichomoa."

"Mbona ulisema kulaza?"

"Sisi tunasema vile. Na we ulisema umeilaza."

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi. Nilijibu swali ambalo sikulielewa, kwa sababu niliona aibu kuuliza. Mimi niliyesoma! Mimi ninayecheka Kiswahili cha watu wa huku!

Sikilizeni, nyinyi mnaofungua mashine za zamani kutafuta sauti tamu. Kapasita haijui kwamba umechomoa waya. Inakaa na umeme wake kimya, inangoja mkono. Pima mwenyewe, usimwamini hata mumeo. Na ukiambiwa neno la kazi, uliza maana yake hata wakikucheka. Wacheke!

Amplifaya niliilaza, ile kulaza ya Mzee, nikairudisha kwaya na kapasita ndogo. Haiungurumi. Wanaisifu. Mimi ikianza kuimba natoka nje.

Tangu siku ile mume wangu ananiambia, "Mlaze mtoto, upumzike." Siwezi. Hata sasa ninapoandika nimemfunga mgongoni kwa kitenge kilekile, nisikie anapumua.